Neno Lililokwenda Kinyume cha Jua

Mwezi Julai 1513, padri na mshairi wa Uskoti aitwaye Gavin Douglas alimaliza kuutafsiri Aeneid, utenzi mkubwa wa Virgil, kutoka Kilatini hadi Kiskoti. Miezi miwili baadaye jeshi la nchi yake liliangamizwa na Waingereza huko Flodden, mfalme wao akiwemo, kwa hiyo ushairi haukuwa jambo la kwanza katika mawazo ya watu. Lakini humo, pale shujaa wake Enea anaposimulia jinsi kitisho kilivyomsimamisha nywele, Douglas aliandika kielezi ambacho hakijaonekana katika maandishi ya kale zaidi ya hayo: widdershins.

Hapakuwa na uchawi wowote hapo. Nywele ziligeuka tu kinyume na zinavyolala. Asili ya neno ni Kijerumani cha kaskazini, ambako lilimaanisha kwenda upande usio wake. Jua halimo. Ila masikio ya Waskoti yalilisikia jua katika silabi ya mwisho, iliyokaribiana na jina lao la jua, na maana ikaelekea huko: kuzunguka kitu kinyume na mwendo wa jua, mkono wa kushoto ukiwa upande wa kile unachokizunguka.

Kilicholitia neno hili giza ni mahakama. Mwaka 1590 Mfalme James VI alirudi kutoka Denmark na mke wake mpya, Anne, baada ya safari iliyosumbuliwa na dhoruba. Wakatafutwa wachawi wa kubebeshwa lawama. Katika kesi za North Berwick watu waliteswa mpaka wakasema walichotakiwa kusema, na mfalme mwenyewe akakaa kuwahoji baadhi yao. Agnes Sampson, mkunga na mganga mwenye umri mkubwa, alinyongwa na mwili wake ukachomwa mwanzoni mwa 1591. Kumbukumbu za kesi zinaeleza mkutano wa usiku kanisani: wanaume waligeuzwa widdershins mara tisa, wanawake mara sita. Usahihi wa hesabu hiyo unanitisha kuliko uchawi wenyewe. Ni hesabu ya karani anayetaka jalada lake likamilike.

James huyo ndiye aliyeandika Daemonologie mwaka 1597, kisha akarithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Shakespeare alipowaleta wachawi wa Uskoti jukwaani katika Macbeth, aliwazungusha mara tatu kwa kila mmoja, lakini neno la Kiskoti hakuligusa. Lilibaki kaskazini.

Aliyewafungulia mlango wasomaji wa nje ni Walter Scott. Katika riwaya yake Waverley ya mwaka 1814, kijana anaumia mawindoni, na mganga mzee wa milimani anamzunguka mara tatu kufuata jua kabla hajamtibu. Scott, aliyependa tanbihi kuliko mwandishi yeyote wa riwaya ninayemjua, akaongeza chini ya ukurasa kwamba kumzunguka mtu upande wa pili ni kumtakia nuksi.

Hata hivyo, watoto wengi wa Kiingereza walilipata neno hili katika hadithi ya Childe Rowland, iliyochapishwa na Joseph Jacobs mwaka 1890. Burd Ellen anakimbilia mpira nyuma ya kanisa, anapita widdershins bila kufikiri, na anatoweka: mfalme wa majini amemchukua. Kaka yake mdogo anapokwenda kumwokoa, mlango wa kilima haufunguki mpaka naye akizunguke kilima hicho kwa upande uleule wa mwiko, mara tatu. Kosa na ufunguo ni kitu kimoja, na hapo ndipo neno linapoibeba hadithi nzima.

Jacobs mwenyewe alizaliwa Sydney, Australia. Kule jua la mchana hupita kaskazini, kwa hiyo anayelitazama huliona likienda kutoka kulia kwenda kushoto. Kufuata jua Sydney ni kwenda widdershins ya Edinburgh. Dar es Salaam mambo yamechanganyika zaidi, maana mwezi Juni jua hupita kaskazini mwa mji na Desemba kusini. Mchawi wa Kiskoti angehitaji kalenda. Tena mahujaji wanaoizunguka Al-Kaaba mara saba huiweka kushotoni, na hakuna anayeona nuksi katika hilo.

Katika karne ya 19 Kiingereza kilipata neno la kifundi la upande huohuo, lililotokana na mishale ya saa, na mhandisi akaridhika. Waandishi wa hadithi hawakuridhika. Saa haiogopeshi mtu. Na msomaji asiyejua chochote kuhusu North Berwick bado huhisi kwamba anayezunguka widdershins anatafuta matatizo.

Terry Pratchett alilitumia kwa namna nyingine kabisa. Katika The Colour of Magic ya mwaka 1983 alibuni dunia bapa kama sahani, inayobebwa na tembo wanne juu ya kobe. Kwenye sahani inayozunguka hakuna kaskazini wala kusini, kwa hiyo wenyeji huelekezana kuelekea kitovuni, ukingoni, upande wa mzunguko, au widdershins. Nchi za watu, miji na barabara ziko huko, na msafiri huambiwa hivyo bila mtu kushusha sauti. Dunia nzima imejaa wachawi, lakini kielezi chao kimegeuka kuwa anwani.