Upepo wa ubavuni: rubani huitua vipi ndege?

Aliyezoea kupanda ndege ndogo hapa Pwani msimu wa kusi huenda ameliona hili. Ndege inakaribia kutua, lakini pua yake haielekei mbele ya njia ya kutua. Imekaa mshazari, bawa moja linashuka, na abiria wanaanza kuvuta uradi. Wengi hudhani rubani amezidiwa. Mara nyingi ni kinyume chake: hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa.

Upepo hupimwa vipi

Ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, lakini njia ya kutua haizunguki kuufuata. Tuchukue njia kuu ya uwanja wa Moi, Mombasa. Upande mmoja imeandikwa 03 na wa pili 21, yaani digrii 30 na 210 za dira. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, hivyo huvuma karibu sambamba na njia hiyo. Kusi huja kwa pembe.

Tuseme upepo unatoka kusi kamili, digrii 180, kwa noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa. Rubani anatua kwenye 21, kwa hiyo tofauti ni digrii 30. Kwa pembe hiyo nusu ya upepo humpiga ubavuni: noti 10. Pembe ikiwa digrii 45, ni kama sehemu saba kwa kumi. Ikifika 90, upepo wote ni wa ubavuni.

Hesabu hii hulinganishwa na kitabu cha ndege. Cessna 172 ilijaribiwa na kuonyeshwa kutua katika upepo wa ubavuni wa noti 15, na Cessna Caravan noti 20. Rubani asiye na uzoefu hujiwekea kiwango cha chini zaidi.

Kutembea kama kaa

Mwenye mashua anayevuka mkondo hauelekezi mkuki wa chombo pale anapotaka kufika. Huupeleka juu kidogo ya mkondo, maji yakamrudisha mahali pake. Rubani hufanya vivyo hivyo: huigeuza pua upande upepo utokako, mabawa yakiwa sawa, na ndege ikaja kiubavuubavu kama kaa huku mwendo wake ukibaki juu ya mstari wa katikati.

Lakini magurudumu hayafai kugusa lami yakiwa mshazari. Kwa hiyo karibu na ardhi rubani hukanyaga usukani wa mkiani ili pua inyooke na njia. Papo hapo hulishusha kidogo bawa la upande wa upepo ili ndege isisukumwe pembeni. Gurudumu la upande huo hugusa kwanza, kisha la pili, na la pua mwisho. Ukihisi umetua kwa mguu mmoja, usishtuke.

Upepo ukiwa wa vishindo, mwendo huongezwa. Desturi ni kuongeza nusu ya tofauti: upepo wa noti 15 unaopanda hadi 25 huongezewa noti 5. Na baada ya kugusa, kazi haijaisha. Rubani huendelea kuligandamiza bawa la upande wa upepo, na hushikilia usukani mpaka ndege isimame.

Kosa linaloua

Hatari kubwa huanza kabla ya kutua, kwenye kona ya mwisho. Upepo ukiisukuma ndege ikapita mstari wa njia, rubani hushawishika kukata kona kwa nguvu, akivuta pua na kukanyaga usukani wa mkiani kupita kiasi. Ndege inapoinama hivyo na kubaki kwenye kimo chake, bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba: kwa digrii 45 kiasi cha asilimia 19 zaidi, na kwa digrii 60 asilimia 41. Mwendo usipotosha, bawa huacha kubeba na ndege huanguka ikizunguka, na kimo cha kuiokoa hakipo.

Dawa yake ni nyepesi kusema, ngumu kutenda: acha, panda tena. Rubani huipa injini nguvu zote, huinua pua kwa kiasi, hukunja vibawa vya kutulia hatua kwa hatua, kisha huzunguka na kuanza upya. Upepo ukikataa, huenda uwanja mwingine au husubiri upungue.

Kinachomponza rubani mara nyingine ni haraka: ya kwake, ya mwajiri, na yetu sisi abiria tunaonung'unika kwamba tumechelewa. Basi siku ndege ikipanda tena ghafla ulipodhani mmefika, au ukiambiwa safari imesogezwa kwa sababu ya upepo, usimlaumu aliyeshika usukani. Wazee wa vyombo walishasema: kawia ufike.