Motifu ya hisi (fasihi)

Motifu ya hisi ni harufu, sauti, ladha au mguso unaojirudia katika riwaya hadi ukabeba maana zaidi kuliko maelezo. Msimulizi aliyejitenga huumbuliwa nayo: hasemi kinachomuuma, pua yake inasema.

Mfano ulio wazi ni *By the Sea* (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Saleh Omar, mzee aliyewahi kuuza fanicha, anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kikasha cha udi. Mzee hapigi kelele. Anasimulia kwa adabu, kana kwamba yamempata jirani. Uchungu unapenya kupitia udi wenyewe, uliotoka kwa Hussein, mfanyabiashara Mwajemi, na unaomrudisha kwenye mkopo uliovuruga koo mbili. Msimulizi wa pili, Latif Mahmud, naye ana kumbukumbu yake: kimeza cha mpingo.

Msomaji wa Kiegei, Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hahitaji nadharia hapa. Korosho zikichomwa kwenye karai uani, mafuta ya maganda hulipuka, moshi huwasha macho, vidole hubaki vyeusi. Anayeukumbuka moshi huo tu ameshataja nyumba na waliokuwa wamelizunguka lile karai.

Motifu si sawa na ishara, ambayo yaweza kutokea mara moja tu.