Mwanga Una Mbio Gani? Historia ya Kipimo na Amana Yake



Ukitazama juu kutafuta mwezi mwandamo, jua kwamba mwanga unaouona umetoka mwezini zaidi ya sekunde moja iliyopita. Na mwanga wa jua linalokuchwa ukangojea kufuturu ulianza safari dakika nane na kitu kabla. Sasa jiulize: haya yalijulikana vipi? Ni nani aliyeweza kuukimbiza mwanga na saa mkononi?

Tuanze na wetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alisema mwanga husafiri, na safari yake huchukua muda hata kama hatuuhisi. Al-Biruni naye alieleza kuwa mwanga ni mwepesi mno kushinda sauti. Lakini tusiwavike kilemba cha ukoka: fikra yao ilikuwa sawa, ila kipimo hawakuwa nacho.

Mwaka 1676, mjini Paris, kijana wa Denmark aitwaye Ole Rømer alikuwa akifuatilia mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, ile tunayoiita Jupita shuleni. Aliona mwezi huo huchelewa kupatwa kila dunia inapokuwa mbali na sayari hiyo. Akawaambia wanazuoni mapema: kupatwa kwa Novemba kutachelewa dakika 10. Na kweli kukachelewa! Mkubwa wake, Cassini, hakumkubali. Rømer alikadiria kuwa mwanga huchukua dakika 22 kuvuka njia ya dunia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Leo twajua ni kama dakika 17. Alikosea hesabu, lakini mlango ulishafunguka.

Mwaka 1849 Mfaransa Fizeau akapima hapa hapa ardhini. Alipitisha mwanga katikati ya meno ya gurudumu lenye meno 720, ukaenda hadi kwenye kioo kilichokuwa mita 8,633 kutoka hapo, kisha ukarudi. Gurudumu likizunguka kasi ya kutosha, mwanga unaorudi hukuta jino limeziba njia. Akapata kama kilomita 313,000 kwa sekunde.

Halafu akaja Albert Michelson wa Marekani. Mwaka 1879, akiwa mwalimu wa miaka 26 katika chuo cha wanamaji huko Annapolis, alitumia kioo kinachozunguka, njia ya Mfaransa Foucault, akapata kilomita 299,910. Je, alitulia akasema basi? Hapana. Mwaka 1882 alipima tena: 299,853. Mwaka 1926, mzee sasa, na tuzo ya Nobel ya 1907 tayari iko nyumbani, akatangaza 299,796. Kila mara aliandika alichokipata, pamoja na kiasi anachodhani huenda amekosea.

Tangu 1983 mambo yamegeuka. Kasi ya mwanga imewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, na urefu wa mita yenyewe hutokana nayo. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo, na leza yake na kioo chake kinachozunguka maabarani, jibu analijua kabla hajawasha taa. Na hapo ndipo mtihani ulipo, ndugu yangu. Ukipata 270,000, utaandika nini? Wengi wetu twaijua ile tabia ya "kupika" matokeo ili yafanane na kitabu. Mwalimu huenda asijue, na alama ukapata. Lakini hapo hukupima kitu, umenakili tu, na umeweka sahihi yako juu ya uongo.

Andika 270,000. Kisha tafuta: je, umbali ulipimwa vibaya? Kioo kilizunguka kwa kasi kuliko ulivyodhani? Rømer alikosea kwa dakika tano na anaheshimiwa hadi leo, kwa sababu alisema alichokiona. Elimu ni amana, na daftari la maabara pia ni ushahidi.

Wabillahi tawfiq.