Uthabiti wa Sampuli ya Damu: Istilahi na Maana Yake Maabarani

Katika taaluma ya maabara za tiba, uthabiti wa sampuli ni uwezo wa sampuli, ikihifadhiwa katika masharti yaliyotajwa, kubakiza thamani ya kile kinachopimwa ndani ya mipaka inayokubalika kwa muda uliotajwa. Fasili hii inabeba mambo matatu yasiyotenganishika, yaani kinachopimwa, masharti ya hifadhi na muda, na likikosekana mojawapo, kauli kwamba sampuli fulani ni thabiti inakuwa haina maana ya kisayansi.

Wapo wanaotumia uimara mahali pa uthabiti, na matumizi hayo yanaeleweka, kwa kuwa katika lugha ya kila siku maneno hayo mawili hukaribiana sana. Hata hivyo, uimara huelekeza fikra kwenye nguvu ya kitu kuhimili mkazo bila kuvunjika, ilhali mtaalamu wa maabara hajali nguvu ya damu bali anataka kujua kama namba atakayoisoma kwenye mashine ni ileile iliyokuwamo mwilini mwa mgonjwa wakati sindano inaingia. Neno thabiti, ambalo hutumika kwa mtu asiyegeuka na kauli isiyobadilika, ndilo linalobeba wazo hilo. Aidha, kwa maana ya jambo lenyewe, uthabiti si sifa ya damu nzima wala ya tyubu, bali ni sifa ya kila kinachopimwa peke yake. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema uthabiti wa glukosi katika sampuli, au uthabiti wa potasiamu katika sampuli.

Istilahi inayoambatana nayo ni ile ya muda unaopita kabla sampuli haijashughulikiwa. Kiswahili kina uchelewaji, unaotokana na kuchelewa, na ucheleweshaji, unaotokana na kuchelewesha, na tofauti ya kisarufi kati yake ina manufaa hapa. Mvua za masika zinapoharibu barabara za wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro nchini Tanzania, au mto Mkondoa unapofurika kama ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hadi kukata njia ya reli ya kati, sampuli huchelewa kwa sababu ambayo mhudumu wa zahanati hana uwezo nayo, na huo ni uchelewaji. Sampuli inapokaa mezani ikisubiri nyingine zifike ili zisafirishwe pamoja, huo ni ucheleweshaji, na unaweza kurekebishwa. Damu yenyewe haitofautishi sababu hizo mbili, lakini anayepanga ratiba lazima azitofautishe.

Jiografia ya Kilosa inafanya suala hili la muda kuwa zito. Wilaya ina hospitali katika mji wa Kilosa, na Mikumi, kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Lakini zahanati zimetawanyika vijijini, na sampuli ya kipimo kisichofanyika wilayani haina budi kusafirishwa hadi mjini Morogoro au Dar es Salaam. Mabonde ya wilaya hii, zaidi ya hayo, ni ya joto, na joto huharakisha karibu kila badiliko linaloelezwa hapa chini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni glukosi. Chembe za damu hazifi zinapotoka mwilini. Ndani ya tyubu zinaendelea kula sukari, na kwa kuwa hakuna ini la kurudisha kilicholiwa, kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na kwa kasi zaidi penye joto kali au chembe nyeupe nyingi. Mgonjwa aliyefunga kula akitolewa damu saa 2 asubuhi, na sukari yake ikawa milimoli 7.4 kwa lita, amevuka kiwango cha 7.0 kinachoashiria kisukari. Damu hiyo ikifika maabara saa 7 mchana bila kutenganishwa, mashine itasoma kati ya 5.1 na 5.7, na mgonjwa ataambiwa hana tatizo. Mashine haikukosea, wala mpimaji hakukosea. Kipimo kimeeleza kwa usahihi damu ambayo si ya mgonjwa tena. Tyubu zenye floraidi ya sodiamu husaidia, ila si kwa haraka inayodhaniwa, kwa sababu floraidi huzuia kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa mnyororo wa uvunjaji wa sukari, hivyo hatua za mwanzo huendelea kwa saa moja au zaidi.

Ni rahisi kufikiri kwamba dawa ya yote haya ni boksi la baridi. Kwa glukosi, baridi hupunguza ulaji. Kwa potasiamu, baridi ni madhara. Ndani ya chembe nyekundu potasiamu ni nyingi zaidi ya mara 20 kuliko kwenye majimaji yanayozizunguka, na tofauti hiyo hulindwa na pampu ndogo za utando wa chembe ambazo hazisimami katika mwili wenye afya. Damu isiyotenganishwa ikiwekwa kwenye barafu, pampu hizo hupoozwa, potasiamu huvuja, na jibu hupanda hadi kufanana na la mgonjwa aliye katika hatari ya moyo kusimama. Kwa hiyo tyubu mbili za mgonjwa mmoja, ndani ya boksi moja, zinaweza kuhitaji masharti yanayopingana.

Vipimo vingine vina mipaka mipana zaidi. Hemoglobini katika damu yenye dawa ya kuzuia kuganda hudumu siku nzima bila badiliko la maana, ingawa ukubwa wa chembe nyekundu huongezeka taratibu. Slaidi ya malaria hufaa kutengenezwa ndani ya saa moja, kabla umbo la vimelea halijabadilika. Na kwa kipimo cha wingi wa Virusi vya UKIMWI (VVU), plazima hutakiwa kutenganishwa na chembe kwa kawaida ndani ya saa 24. Pale ambapo hata muda huo hautoshi, damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, njia iliyoenezwa na Robert Guthrie nchini Marekani katika miaka ya 1960 kwa uchunguzi wa watoto wachanga, na ambayo leo hutumika kupima watoto waliozaliwa na mama wenye VVU.

Usemi uliozoeleka kwamba damu imeharibika unafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hutumiwa zaidi pale uharibifu unapoonekana kwa macho, yaani seramu inapokuwa nyekundu kwa kupasuka kwa chembe, au damu inapoganda mahali isipotakiwa kuganda. Glukosi iliyoshuka haina rangi. Sampuli hiyo hupokelewa na kupimwa, kisha jibu lake hutiwa saini kama jibu lingine lolote, na hii ndiyo hatari kubwa zaidi, kwani sampuli iliyokataliwa hurudiwa, ilhali iliyokubaliwa kimakosa huingia kwenye faili la mgonjwa.

Kinachoweza kuifichua ni saa iliyoandikwa. Hapa pana jambo linalowahusu watumiaji wa Kiswahili hasa: muuguzi akiandika 4:00 akimaanisha saa nne asubuhi, na mpokeaji akaisoma kwa saa za kimataifa, umri wa sampuli hukosewa kwa saa 6 kamili, kosa linalotosha kufanya sampuli nzuri ikataliwe au iliyopitwa na wakati ipokelewe. Fomu za maabara, kuanzia zahanati hadi hospitali, ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, zikiwa na nafasi mbili tofauti, moja ya saa ya kutoa damu na nyingine ya saa ya kutenganisha seramu au plazima, na sampuli isiyo na saa hizo isitolewe jibu la glukosi wala la potasiamu.