Vidanji ya gari na moto Kisangani: mafuta gani, baada ya muda gani, na yale ya zamani yaende wapi

Kwenye garaji za Makiso, Mangobo ao Kabondo, namba moja inasikika kuliko zingine: 20W-50. Corolla ya zamani inatiwa 20W-50, RAV4 iliyoingia juzi kutoka Dubai inatiwa 20W-50, na jenereta ya duka vilevile. Siyo makosa kila mara. Lakini moteri moja inaweza kuyapenda na ya jirani ikaumia polepole, na mwenye gari atajua wakati segma zimekwisha na gari inatoa moshi wa bluu. Hapo siyo bei ya bidoni moja tena, ni bei ya moteri.

Namba hizo zimewekwa na SAE, chama cha mainjinia wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Ile ya kwanza, yenye herufi W, inaonyesha namna mafuta yanavyotembea wakati wa baridi kali, moteri ikiwashwa asubuhi. Ile ya pili inaonyesha uzito wake moteri ikiwa moto, kwenye digri 100. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Hata usiku wa mvua kubwa baridi haifikii ile ya Ulaya ao ya Japani, kwa hiyo namba ya kwanza haina shida kubwa hapa. Mwenye gari aangalie zaidi ile ya pili: 30, 40 ao 50.

Gari nyingi za okazioni zinafika zikiwa na karatasi ndogo chini ya kofia ya moteri, imeandikwa 0W-20 ao 5W-30, mara nyingi kwa Kijapani. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya barabara za Japani. Kitabu cha gari kilichotengenezwa kwa inchi za joto mara nyingi kina jedwali linaloonyesha mafuta kulingana na joto la mahali, na hapo 15W-40 inaruhusiwa kwa moteri nyingi, na wakati mwingine 20W-50 pia. Kitabu hicho ndicho cha kufuata, mbele ya neno la muuzaji. Kama kitabu kimepotea, kwa gari ya esansi ao ya mazuti isiyo mpya sana, 15W-40 ni njia ya katikati ambayo haileti hasara. Ile 20W-50 ibaki kwa moteri iliyochoka, ile inayokula mafuta na inayoomba kuongezewa kila wiki. Kuitia katika moteri mpya yenye njia nyembamba za mafuta ni kuichelewesha kupata mafuta kila asubuhi inapowashwa.

Namba peke yake haitoshi. Nyuma ya bidoni kuna herufi za API, na hizo watu wachache wanazisoma. S ni ya moteri ya esansi, C ni ya mazuti. Herufi inayofuata, kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, mafuta ni ya kisasa zaidi: SN inapita SL, CI-4 inapita CF-4. API yenyewe inasema kwamba SF haifai kwa moteri nyingi za esansi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na CD haifai kwa moteri nyingi za mazuti za baada ya 1994. SB ni ya moteri za mbele ya 1951, na SA ya zile za mbele ya 1930! Bidoni nzuri ya rangi ya dhahabu, yenye picha ya gari ya mashindano, inaweza kuwa na SF/CD nyuma. Kwa mashine ya kusaga mihogo ao kwa baleniere ya mtoni yenye moteri ya zamani, inafaa. Kwa gari ya mwaka 2008, hapana.

Kwa wamotari kuna hatari ingine, na ni wao wengi kuliko wenye gari. Katika moto nyingi za 125, mafuta yale yale yanaosha moteri, bwati ya vitesi na ambriyaji. Mafuta ya gari ya kisasa yana dawa ya kupunguza msuguano ili gari isile esansi nyingi. Dawa hiyo ikifika kwenye diski za ambriyaji, zinateleza: motari anaongeza gazi, moteri inalia, moto haisongi, zaidi akibeba wateja wawili na mfuko wa mchele. Anafikiri diski zimekwisha, anazinunua, baada ya muda shida inarudi. Mafuta ya moto yanaandikwa JASO MA ao MA2. Kama alama hiyo haiko, angalau aepuke bidoni lenye maneno ya Kiingereza « Energy Conserving » ao « Resource Conserving ».

Kuhusu muda, vitabu vingi vinasema kilometa 10,000 kwa gari, na nusu yake kwa kazi ngumu. Kazi ngumu kwa watengenezaji ni vumbi, poto-poto, safari fupi fupi na mizigo mizito. Hiyo ndiyo Kisangani yenyewe: asubuhi kutoka Mangobo mpaka katikati ya mji, kuzimisha, kuwasha, kurudi. Kwa hiyo 5,000 ndiyo ya kuhesabu, na gari inayofanya RN4 kuelekea Bafwasende na Nia-Nia isipitishe hapo. Vumbi jekundu likipita katika filtri ya hewa iliyopasuka, linafanya kazi ya msasa ndani ya silinda, na hakuna mafuta ya bei yoyote yatakayozuia. Filtri ya hewa ikaguliwe siku ile ile ya vidanji.

Motari anayetembea kilometa 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anafika 2,500. Moto nyingi za 125 zinabeba karibu litri moja tu, na litri hiyo inafanya kazi nzito. Vidanji mara moja kwa mwezi siyo anasa. Jenereta haina kompteri ya kilometa, basi inahesabiwa kwa saa: nyingi ndogo zinaomba vidanji ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Umeme wa SNEL ukikosa kila jioni na jenereta ikawaka saa 5, saa 100 zinatimia katika siku 20.

Rangi inadanganya. Mafuta ya moteri ya mazuti yanakuwa meusi siku chache baada ya vidanji, sababu yanabeba masizi. Hiyo ni kazi yake. Rangi ya kuogopa ni ile ya kahawa yenye maziwa. Ni maji. Ao jwen ya kichwa cha moteri imekufa, ao gari ilizama katika shimo la maji barabarani. Moteri ya namna hiyo isiwashwe tena, hata kwa kuisogeza tu, mpaka fundi aifungue.

Kazi yenyewe siyo siri. Moteri iwe na joto kidogo, gari isimame mahali sawa, mafuta yaachwe yatoke dakika 10 ao 15. Filtri ya mafuta ibadilishwe pamoja. Kuacha ya zamani ni kuchanganya uchafu na mafuta mapya. Jwen ya filtri mpya inapakwa mafuta kidogo na kukazwa kwa mkono, siyo kwa ufunguo. Kisha joji: mafuta yafike kati ya alama mbili, yasipite ya juu. Wengine wanaongeza « kidogo ya usalama », na ile kidogo inageuka povu ndani ya karteri. Na garaji nyingi za chini ya mti hazina shimo, basi hakuna mtu aingie chini ya gari inayosimama juu ya kriki peke yake.

Mafuta yanafika Kisangani kwa njia ndefu: kutoka Mombasa kwa lori kupitia Beni ao Bunia, ao kutoka Kinshasa kwa mto, kilometa karibu 1,700. Barabara ikifungwa, bei inapanda na mafuta ya uongo yanatoka. Muhuri wa kofia uwe haujaguswa, namba ya loti iandikwe juu ya plastiki na siyo juu ya karatasi tu. Mafuta ya kupima kutoka pipa la litri 200 hayana herufi wala namba. Mnunuzi anaamini mdomo tu.

Yanabaki yale ya zamani. Mengi yanamwagwa pale pale garajini, na mvua ya kwanza inayabeba mpaka kwenye mifereji, visima na mto. EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, inasema mafuta ya vidanji moja tu yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji, karibu litri milioni 3.8. Sheria ya Kongo namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inakataza kutupa taka zinazoharibu maji na udongo. Mafuta hayo yana chembe za vyuma na sumu. Yasipakwe juu ya kidonda, wala juu ya ngozi ya mtoto mwenye upele, kama wengine wanavyofanya. Fundi anayeyagusa kila siku kwa miaka yuko katika hatari ya kansa ya ngozi. Aoshe mikono kwa sabuni, siyo kwa esansi.

Yakusanywe katika bidoni lenye kofia, mbali na watoto, yatumiwe kwa mnyororo wa baiskeli ya toleka ao kwa nguzo za mbao zisiliwe na mchwa, mbali na kisima. Bidoni tupu la mafuta mapya litobolewe mbele ya kutupwa, ili muuzaji wa uongo asilijaze tena. Na lile lililobeba mafuta ya vidanji halitafaa tena kwa maji ya kunywa wala kwa mawese, hata likioshwa mara 10.