Jina Lililotangulia Kitabu: Katama Mkangi na Wasomaji wa Eastlands

Haiyumkiniki kueleza historia ya usomaji wa riwaya ya Walenisi (1995) pasipo kuitaja sifa ya mtunzi wake. Katama Mkangi, mtaalamu wa sosholojia, alitiwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1997 akagombea urais wa Kenya. Hivyo basi, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, jina lake lilitangulia kitabu chake.

Riwaya yenyewe ni ya njozi: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anasafiri kwa chombo cha angani hadi nchi yenye haki na usawa. Lakini wazee niliozungumza nao Kaloleni na Makadara hawakustaajabia chombo hicho. Walitaka kujua ni gereza gani lililofichwa ndani yake. Kwao, Dzombo ndiye Mkangi.

Usomaji huu una msingi, kwani msimulizi aliyeonja dhuluma huaminika hata asimuliapo njozi. Hata hivyo, una hasara yake. Tukimfanya mwandishi kuwa shujaa, twamwachia yeye peke yake kazi ya kuijenga nchi hiyo, nasi twabaki watazamaji. Kumbe jina Walenisi, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi".

Mkangi alifariki mwaka 2004. Kijana wa leo wa Kaloleni, asiyemjua, hana wa kumtwika mzigo huo. Huenda yeye akaielewa riwaya hii kuliko wazazi wake.