Chang'aa: Sheria iliifungulia mlango, mpishi wa kijijini akabaki nje

CHANG'AA ni pombe kali ya kienyeji ambayo hukenekwa, yaani hupatikana kwa kuchemsha pombe iliyochachuka na kuupoza mvuke wake hadi uwe kiowevu. Nchini Uganda huitwa waragi, na Tanzania hujulikana kama gongo.

Katika vijiji vya Bokoli, Webuye na Kitale, chang'aa haina budi kutofautishwa na busaa, ambayo huchachushwa tu. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliovundikwa, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Miongoni mwa Wabukusu ni kinywaji cha heshima. Wazee hukizunguka chungu kimoja na kuinywa kwa mirija mirefu, hasa katika msimu wa tohara wa Agosti, ambao huja kila baada ya miaka miwili.

Chang'aa ni ya biashara zaidi. Hupikwa kwa mahindi, mtama, molasi au sukari guru, bidhaa zisizoadimika katika ukanda wa miwa. Mchanganyiko ukishachachuka kwa siku kadhaa, huchemshwa ndani ya pipa na mvuke kupozwa kwa maji baridi. Akina mama wengi wamelipa karo za watoto wao kwa kazi hii, huku wakiwakwepa polisi.

Hatari kubwa haitokani na moto wa mpishi pekee. Nafaka iliyochachuka hutoa methanoli kidogo mno. Vifo vya halaiki hutokea wafanyabiashara wanapoongeza methanoli ya viwandani ili kuzidisha ukali. Sumu hiyo hugeuka mwilini kuwa asidi inayoharibu neva za macho, na anayenusurika huweza kupofuka. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa pombe ya aina hiyo. Mnamo Mei 2014 makumi ya wengine walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu.

Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980. Marufuku hayo yaliondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho. Hata hivyo, sheria hiyo ilidai leseni, viwango vya ubora na chupa za glasi zisizopungua mililita 250. Mpishi mwenye pipa moja hakuyamudu masharti hayo.

Uganda ilifuata njia nyingine. Sheria ya Enguli ya 1965 iliwataka wapishi wenye leseni kuuza pombe yao kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuiuza kama Uganda Waragi.

Kenya nayo sasa ina jini yake, Procera, inayokenekwa Nairobi kwa viwango vidogo. Ladha yake hutokana na tunda la mtarakwa, mti unaomea pia Mlima Elgon, juu ya mashamba ya Bungoma na Kitale. Chupa yake huuzwa ghali na hupelekwa ng'ambo.

Kanuni ya ukenekaji ni ileile katika vinywaji vyote viwili. Kinachovitenganisha ni kipimo, maabara, chupa na leseni. Na hadi mpishi wa Bokoli atakapovifikia hivyo, mnywaji wake ataendelea kunywa asichokijua.